Mabao ya Kushoto

Ngozi iliyolowa maji, ikikaushwa karibu na jiko la makaa, hutoa harufu ambayo wengi wa rika langu mnaijua hata kama hamjaifikiria kwa miaka mingi. Ni harufu ya mnyama na ya moshi kwa pamoja. Mvua za mwaka huu zilipozidi, mpangaji wangu wa nyumba ya nyuma aliweka viatu vya mtoto wake kando ya jiko, nami niliyekuwa napita tu kwenda kuanua nguo nikasimama pale kama mtu aliyeitwa. Akaniuliza, "Mama, umesahau kitu?" Nikamwambia hapana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekumbuka.

Jikoni kwetu, nilipokuwa msichana wa darasa la nne, kilichokaushwa kando ya jiko kilikuwa mpira. Mipira ya siku hizo ilikuwa ya ngozi ya kushonwa, na ikinyeshewa ilikuwa mizito kama kiazi kikuu. Chuo alikofundisha baba kilikuwa na mipira miwili, na yote miwili ililala kwetu kwa sababu baba ndiye aliyefundisha timu. Mama alilalamika kwamba maziwa yanashika harufu. Baba alisema ni heri maziwa yanuke kuliko vijana wavunjike vidole.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, cha ualimu, kwenye mgongo wa kilima kati ya Riruta na Mutuini, nje kidogo ya mji. Siku hizi kule ni nyumba za kupangisha ukuta kwa ukuta, lakini wakati ule yalikuwa mashamba ya mahindi na viazi, ng'ombe wamefungwa kando ya ua, na ukungu wa Julai ambao haukuondoka mpaka saa nne. Baba, Mwalimu Kariuki, alifundisha hesabu. Tulikaa katika nyumba ya chuo yenye paa la mabati mekundu, hatua chache kutoka uwanjani. Wanafunzi walikuwa vijana wakubwa, wengine tayari na ndevu, na mama alituamuru tuwaite walimu ingawa hawajafuzu. "Kesho kutwa mmoja wao atakuchapa darasani," aliniambia, "heri uanze kumheshimu leo."

Uwanja uliteremka upande mmoja, na nyuma ya goli la chini kulikuwa na shamba la mahindi, kisha bonde. Mpira ukipita goli ulipotea humo. Kazi ya kuufuata nilijitwalia mwenyewe, hakuna aliyenituma. Nilikaa nyuma ya goli siku zote za mazoezi na za mechi, na ndiyo maana niliyaona mambo ya msimu ule kwa karibu kuliko wakubwa, na kuyaelewa vibaya kuliko wote.

Kipa wetu aliitwa Salim. Alitoka Mombasa, na katika chuo kizima alikuwa Mwislamu peke yake. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono mirefu iliyoonekana kama ya kuazima. Mwaka uliotangulia timu yetu ndogo ilikaribia kabisa kuchukua kombe la vyuo, na kila mtu alijua ni kwa sababu ya mikono ile. Halafu alikuwa na Kiswahili. Sisi Kiswahili chetu kilikuwa cha kuulizia bei sokoni na kujibu mtihani, na chake kilitoka kinywani kama kimekunjwa na kupigwa pasi. Kila alipokuja golini aliniambia, "Nyambura, hujambo mdogo wangu? Wazee hawajambo?" Hakuna mwingine aliyewahi kuuliza habari za wazee wangu, na wazee wenyewe walikuwa pale pale uwanjani.

Basi likizo ilipokwisha na wanafunzi wakarudi, nikaona Salim amebadilika. Siku moja nilimsalimia akanijibu vizuri sana, akacheka. Kesho yake nikakutana naye njiani kwenye bomba la maji, nikamwamkia waziwazi, akanipita kama mlingoti wa simu. Jioni ile ile akaniuliza habari za wazee. Siku iliyofuata akanipita tena. Nikaanza kumchunguza. Niliona pia kwamba ameanza kutazama mambo kwa kupinda shingo, kama kuku anavyoangalia juu akisikia mwewe. Mtoto akipuuzwa hana msamaha. Nikaamua kwamba Salim ana nyuso mbili, na kwamba ule wa tabasamu ndio wa uongo.

Kisha tukaanza kufungwa.

Mechi ya kwanza tulifungwa nyumbani, na watu wakasema ni mvua. Ya pili tulifungwa ugenini, wakasema ni refa. Ya tatu hakukuwa na mvua, na refa alitupa penalti ambayo Njoroge, kapteni wetu, aliifunga kwa nguvu mpaka wavu ukachanika, na bado tulifungwa. Tuliporudi na lori la chuo siku ile hawakuimba. Nilikuwa mbele nimekalia magoti ya baba, nikageuka kuchungulia kwenye kidirisha cha nyuma. Walikuwa wamekaa kila mtu akimtazama mwenzake kwa kuibia, kama abiria waliosikia kwamba kati yao kuna mchomoa mifuko.

Kila wiki kulikuwa na mtu mpya wa kushukiwa. Kwanza alikuwa mpishi, kwamba anawatilia kitu kwenye maharagwe ili miguu iwe mizito. Wachezaji wakakataa kula kabla ya mechi, wakacheza na njaa, wakafungwa zaidi. Kisha wakawa mabeki, ambao walikuwa ndugu wa ukoo mmoja na ilisemekana wana shangazi aliyeolewa karibu na chuo cha wapinzani. Halafu mtu mmoja, sikujua ni nani, akasema jambo ambalo likaenea chuoni kote kwa siku moja. Mabao yote yanaingia upande wa kushoto wa kipa.

Ilikuwa kweli. Mimi niliyekaa nyuma ya goli niliweza kula kiapo. Mipira ya kulia Salim aliruka akaidaka kama zamani. Ya kushoto aliichelewea, au aliruka ikiwa imeshapita, au alisimama tu.

Jumamosi moja asubuhi tuliamshwa na kelele za majembe. Wachezaji walikuwa wakichimbua milingoti ya magoli, yote minne, wakitafuta kilichofukiwa. Kwenye goli la chini walipata mfupa wa kuku na chupa ya dawa ya kikohozi iliyojaa udongo. Vijana wale, ambao baada ya miezi michache wangefundisha watoto wetu sayansi, walirudi nyuma wote kwa pamoja kama chupa ile ina meno. Baba alitoka na sweta juu ya nguo za kulalia, akawafokea, akawaambia waone aibu, kwamba yeye ni mzee wa kanisa na hataki upuuzi huo katika uwanja wake. Wakafukia mashimo wakaondoka. Nilikuwa dirishani bado nilipomwona baba akirudi peke yake pale golini, akiangalia huku na huku, kisha akaiokota ile chupa na kuinusa.

Hapo ndipo na mimi nilipoogopa kwelikweli. Kama baba ameinusa, basi kuna kitu.

Nyumbani mazungumzo yalipungua. Timu ilikuwa mkononi mwa baba tangu padri Mzungu aliyeifundisha zamani aliporudi kwao, na mkuu mpya wa chuo alikuwa amempa kwa maneno mengi ya kumsifu. Sasa mkuu akikutana na baba alimwuliza tu, "Mwalimu, hiyo timu imeoza wapi?" Baba alirudi na swali hilo mezani, akalila pamoja na githeri yake ya mahindi na maharagwe. Mama akimwuliza anawaza nini, alisema, "Kuna mtu ananichezea."

Siku za mwisho wa mwezi mama alinipeleka mjini kununua sare ya shule. Ilikuwa Ijumaa, adhuhuri imepita kidogo, barabara zimejaa makarani waliotoka kula. Tulipokuwa tunangoja muuza nguo apime kitambaa, nikatazama ng'ambo ya barabara, kwenye hoteli ya chai yenye meza mpaka nje. Salim alikuwa pale na mtu mnene aliyevaa kofia nyeupe na koti la kahawia. Hawakuwa wakinywa chai. Yule mnene aliinua vidole viwili, akavisimamisha hewani. Salim akafunika jicho moja kwa kiganja, akatikisa kichwa. Mnene akaviinua tena, karibu zaidi. Salim akatikisa kichwa tena, kisha akainama akatazama meza, na yule mnene akamshika bega.

Sikumwambia mama. Nilitazama vidole vile nikajua wanapatana bei. Kesho yake tulifungwa mbili kwa bila.

Sasa fikiria mtoto wa miaka tisa, amekaa nyuma ya goli, anajua bei iliyokubaliwa hotelini, na hana wa kumwambia. Nilitamani kumwambia baba, lakini nilimwona jinsi alivyokuwa, nikahofu atafanya jambo baya. Nikamtazama Salim kila siku kwa chuki ambayo sijawahi kumtazama nayo mtu tena maishani. Naye, akinikuta upande mmoja, alinipuuza, akinikuta upande wa pili aliniuliza habari za wazee.

Wiki ile ile Njoroge alikuja nyumbani. Alikuwa kijana wa hapo jirani, Kabiria, mpana wa mabega, mwenye sauti nzito, na mtu mwema. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu katika hadithi hii ni rahisi kumchukia. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, kikombe cha chai mkononi, hakinywi.

"Mwalimu, mimi sitaki kusema mtu," alianza.

"Lakini umekuja kusema mtu," baba akamjibu.

"Mabao yote inaingia upande moja. Wewe mwenyewe umeona."

"Nimeona."

"Na Ijumaa huwa anaenda mjini. Vijana wameona yeye huko na mtu mnene, wanaongea kwa sikio."

"Ijumaa anaenda kuswali, Njoroge. Ana ruhusa."

"Kuswali inachukua mchana mzima?" Njoroge aliweka kikombe chini. "Mwalimu, yeye ni rafiki yangu. Tunalala kitanda kando ya kitanda. Lakini siku hizi nikimpa mkono, saa ingine anaangalia kando kama hanioni. Mtu akiwa hana kitu moyoni, kwa nini anaogopa kukuangalia?"

Nilikuwa mlangoni. Nilitaka kupiga kelele kwamba nami hunifanyia vivyo hivyo. Baba akasugua paji la uso, kisha akasema, "Niachie."

Jumapili, baada ya kanisa, chuo kilikuwa kimenyamaza. Wanafunzi wengi walikuwa wameshuka Riruta kutembea. Baba alivua tai, akachukua mipira yote miwili, akaniambia, "Nenda ukakae mahali pako." Nilipofika nyuma ya goli la chini nikamkuta Salim tayari amesimama kati ya milingoti, amevaa nguo zake za kawaida.

"Leo ni mimi na wewe," baba alimwambia.

"Sawa, mwalimu."

Baba hakuwa mpigaji hodari. Alipiga wa kwanza kulia, Salim akaudaka. Alipiga tena kulia, chini, Salim akajinyoosha akautoa kwa ncha za vidole. Kisha akapiga kushoto, mpira laini ambao hata mimi ningeuzuia kwa sketi yangu. Salim alijitupa ukiwa umeshagonga wavu mbele yangu. Nikaurudisha. Akapiga kushoto tena, ukaingia. Akapiga tena, ukaingia. Uso wa baba ulikuwa umebadilika rangi.

"Unanichezea, Salim?"

"La, mwalimu."

"Basi ni nini?"

Salim akatazama mbele. Baba akauokota mpira, akaanza kumsogelea polepole, na alivyokuwa anamsogelea alikuwa anazungumza, kuhusu mkuu wa chuo, kuhusu kombe la mwaka uliopita. Nilifikiri anakuja kumpiga. Alizunguka kidogo kidogo mpaka akawa upande wake wa kushoto, karibu kiasi cha kuweza kumgusa. Halafu akanyamaza. Salim alikuwa bado anatazama mbele, kule sauti ilikokuwa mwanzo. Baba akaurusha mpira usoni mwake. Aliurusha taratibu, kama unavyomrushia mtoto mdogo chungwa.

Mimi nilifumba macho yangu, na mimi nilikuwa mbali. Mtu yeyote angefumba, hawezi kujizuia. Salim hakufumba. Mpira ulikwenda hewani mpaka ukamgonga shavu, na hapo ndipo aliposhtuka, akapapasa hewa kwa mikono yake mirefu, mpira ukiwa tayari uko chini.

Baba alisimama vile vile, mikono imebaki hewani. Kisha akainua vidole.

"Usigeuze kichwa," akasema. "Vidole vingapi?"

Upepo ulipita kwenye mahindi nyuma yangu.

"Sijui, mwalimu," akasema Salim.

Walikaa chini kwenye nyasi, hapo hapo golini, mwalimu na mwanafunzi, na mimi nimeshika wavu nikisikiliza. Baba aliuliza tangu lini. Salim akasema tangu walipofungua chuo.

"Ulianguka?"

"Kiwiko, mwalimu. Kwenye mazoezi ya siku ya kwanza. Ilipigwa kona, nikaruka pamoja na Njoroge. Mwanzo niliona vimulimuli tu, kisha kama pazia linashuka. Mjomba wangu ana duka mjini, akanipeleka kwa daktari Mhindi. Alisema jicho limebanduka kitu ndani, na hapa hakuna wa kulirudisha. Mjomba hataki kuamini. Kila Ijumaa ananipima kwa vidole."

Nikaviona tena vidole vile viwili mbele ya hoteli, na kichwa kikitikiswa. Nilihisi uso wangu unawaka.

"Njoroge anajua?" baba akauliza.

"Hajui. Aliniomba radhi siku ile ile, nikamwambia si kitu. Basi na iwe si kitu. Ana moyo mwepesi yule, mwalimu, hatalala akijua."

"Na daktari alikwambia uendelee kucheza?"

Salim akapapasa shavu. "Alisema nikipigwa tena kichwani, huenda na la pili likafuata."

Baba alisema kitu kwa Kikuyu ambacho sikuwahi kumsikia akikisema. Kisha akasema, "Na bado unasimama hapa."

"Nikiacha wataniuliza sababu. Nikitoa sababu, nitapelekwa kwa daktari wa chuo, naye ataandika. Nani atampa darasa mwalimu kipofu?"

"Wewe si kipofu. Una jicho zima."

"Wakishaandika, mwalimu, hawaandiki nusu."

Baba alichuma majani, akayatupa, akachuma mengine. "Kesho nakutoa kwenye timu," akasema mwishowe. "Sitakuacha upofuke kwa ajili ya mpira. Lakini nikikutoa bila kusema neno, unajua watasema nini. Watasema uliuza mechi."

"Wanasema tayari."

"Watakuita msaliti mbele ya uso wako."

"Msaliti ataruhusiwa kufundisha watoto kusoma," akasema Salim. "Naomba uwaache waniite hivyo."

Kisha baba akakumbuka kwamba mimi nipo. Akageuka. "Nyambura. Umesikia nini?"

Nilidhani ananipima kama darasani, nikaanza kumweleza yote kwa mpangilio, kiwiko, pazia, daktari, mjomba. Akatikisa kichwa. "Nakuuliza tena. Umesikia nini?" Nikaanza upya, nikiongeza na niliyoyaruka. Salim ndiye aliyecheka, kicheko kidogo kilichokwama. "Mdogo wangu, jibu ni kwamba hukusikia kitu." Nikasema, "Sikusikia kitu." Baba akasema, "Hata mama yako asijue." Nikasema ndiyo.

Kesho yake kipa wa akiba akapewa jezi, na baba alipoulizwa sababu alisema ameamua. Chuo kizima kikapumua kama mtu aliyetolewa mwiba. Kumbe ni kweli, walisema. Wakaacha kukaa na Salim wakati wa kula. Mtu alimwagia godoro lake maji. Njoroge hakufanya lolote kati ya hayo, ila alihamisha kitanda chake mpaka upande wa pili wa bweni, na nadhani hilo ndilo lililomuuma Salim zaidi, kwa sababu ndilo pekee alilowahi kulitaja.

Mimi nilianza kutembea upande wake wa kushoto. Hakuna aliyeniambia. Nikitoka shule nilimkuta kwenye njia ya bomba la maji, nikajipanga upande ule, na mtu akija nilisema kwa sauti ya chini, "Mpishi anakuja," au "Mkuu yuko kando yako," naye akageuka akaamkia kwa adabu zake zote. Mama aliniuliza, "Wewe na huyo kijana mnafuatana kwa nini?" Nikasema ananifundisha Kiswahili. Na ni kweli alinifundisha. Mengi ya maneno ninayoyaandika hapa niliyapata njiani pale.

Timu haikupona. Kipa wa akiba alifungwa kulia, kushoto na katikati, na mechi ya mwisho, nyumbani, dhidi ya chuo cha ufundi cha mjini, ilikuwa aibu ambayo sitaki kuitaja kwa hesabu. Nilidhani sasa wataona kwamba Salim hakuwa na hatia. Nilingoja waseme. Badala yake walisema ameacha kitu golini. Wengine wakaanza kusema jambo jipya, kwa sauti ya chini zaidi. Mbona mwalimu amemtoa bila kumshtaki kwa mkuu? Mbona binti yake anaongozana naye? Huenda wamegawana.

Mkuu alimwita baba ofisini. Sijui waliongea nini. Ninachojua ni kwamba muhula uliofuata timu alipewa mwalimu mwingine, na mipira ikahama jikoni kwetu. Baba alikuwa amengojea kwa miaka kuwa naibu wa mkuu, na hakuwa, mpaka alipostaafu.

Salim alifuzu. Siku ya kupimwa afya, alimwambia baba miaka mingi baadaye, mbele yangu, huku wote wawili wakicheka mpaka machozi, daktari alimwambia afunike jicho la kushoto asome herufi ukutani, akasoma. Akamwambia sasa badilisha. Akabadilisha mkono, akafunika lile lile. Alifundisha katika shule ya msingi mjini, si mbali na duka la mjomba wake, mpaka umri wa kustaafu, na jicho la kulia halikumsaliti. Alipooa alituletea mkewe. Kila Idd alileta halua, na mama, aliyekuja kuambiwa yote baadaye, alimkaribisha kwa kumzunguka na kumjia upande wa kulia. Njoroge naye alipanda vyeo mpaka akawa mkaguzi wa shule. Sijui kama alipata kuikagua ya Salim. Alikufa kabla ya baba, na kwa kadiri ninavyojua hakuambiwa.

Lakini ninapoukumbuka msimu ule siyafikirii hayo kwanza. Nafikiria siku wanafunzi walipomaliza chuo na kuondoka. Wenzake walikuwa wamesimama langoni na mizigo yao, wakicheka, wakibadilishana anwani, wakingoja lori liwateremshe Dagoretti Corner kupanda mabasi. Salim hakutaka kupanda lori lile. Alitoka bwenini na sanduku lake la bati, akaanza kuvuta hatua kuelekea langoni kwa miguu, na vicheko vikakatika.

Baba alikuwa barazani, amevaa suti yake ya kanisani, tai na kofia. Alisimama pale kwa muda kidogo akitazama. Kisha akashuka ngazi, akavuka ua mbele ya watu wote, akalichukua lile sanduku mkononi mwa Salim na kulipandisha begani mwake mwenyewe. Enzi hizo mwalimu hakubeba hata vitabu vyake, alibebewa. Salim akasema, "Mwalimu, tafadhali," na baba akasema, "Twende, basi halitungoji." Nikakimbia nikashika nafasi yangu, kushoto kwa Salim. Tukapita katikati yao, na hakuna aliyesema neno, ila nilisikia mmoja nyuma akivuta pumzi kwa meno.

Tulimsindikiza mpaka kituoni. Basi lilipoondoka alitupungia mkono dirishani, akitazama mahali ambapo hatukuwepo kabisa. Tukarudi, mimi na baba, tukipanda kilima. Vumbi la sanduku lilikuwa limeacha alama nyekundu begani mwa suti, na hakujali kuipangusa.

Nilimwuliza, "Baba, kwa nini usiwaambie tu? Sasa ameshaenda."

"Nikiwaambia, nitakuwa nimemwambia Njoroge."

"Lakini watafikiri na wewe ni mbaya."

"Watafikiri hivyo," baba akasema.

Langoni walikuwa bado wapo, lori lilikuwa halijawashwa. Njoroge alikuwa mbele, na wengine nyuma yake. Baba alinyoosha mgongo, akavua kofia. "Njoroge," akasema, "safari njema." Njoroge alimtazama usoni, macho yake yote mawili mazima, kisha akageuza kichwa akatazama shamba la mahindi. Baba akamwita wa pili kwa jina lake, akamtakia safari njema, naye akatazama chini. Akamwita wa tatu. Nilivuta mkono wake twende, lakini hakwenda. Alisimama pale na alama yake nyekundu begani, akawaita mmoja mmoja kwa majina, mpaka alipomaliza timu nzima.